Kuombea Hataza Kingamwili za Kutibu Kupungua kwa Mifupa: Mwongozo kwa Mtafiti wa Mombasa

Hataza (patent) ya kingamwili, yaani protini ya kinga ya mwili inayoshika kitu maalumu, hupatikana au hupotea maabarani, muda mrefu kabla wakala wa hataza hajashika kalamu. Mtafiti wa Mombasa anayeshughulikia maradhi ya kupungua kwa mifupa, awe Chuo Kikuu cha Kiufundi kule Tudor, awe Chuo Kikuu cha Pwani Kilifi, au awe katika hospitali inayopokea kina mama waliovunjika nyonga kwa kuteleza tu ukumbini, hana budi kulielewa hilo kabla hajatuma muhtasari wake wa kwanza kwenye kongamano. Karibu kila swali atakaloulizwa na mkaguzi wa hataza hujibiwa kwa majaribio: ametengeneza kingamwili ngapi, kila moja inashika wapi, inashika kwa nguvu kiasi gani, imepimwa kwa mnyama yupi, na inafanya jambo gani ambalo zilizotangulia hazikulifanya. Wakala hodari ataweza kuyapanga majibu hayo kwa lugha ya sheria, lakini hataweza kuyabuni.

Mwongozo huu hauchukui nafasi ya wakala aliyesajiliwa na Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI. Nia yake ni kukuwezesha uende kwake ukiwa na vitu anavyovihitaji, na ukijua kwa nini anavihitaji.

Jua waliokutangulia

Mfupa wa mtu mzima huvunjwa na kujengwa upya maisha yote. Seli ziitwazo osteoklasti humumunya mfupa wa zamani, na osteoblasti huweka mfupa mpya mahali pake. Kazi ya kumumunya inapoishinda kazi ya kujenga, kama inavyotokea kwa wanawake wengi baada ya kukoma hedhi, kwa wagonjwa wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, au kwa wanaume wanaotibiwa saratani ya tezi dume kwa kuzuia homoni, mfupa hupungua uzito hadi ukavunjika kwa sababu ndogo. Tiba za kingamwili katika eneo hili zimesimama juu ya protini mbili. Ya kwanza ni RANKL, ambayo huziamuru osteoklasti zikomae na kufanya kazi. Denosumabu, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa jina la biashara Prolia, huishika protini hiyo na kuizuia, na hudungwa chini ya ngozi miligramu 60 kila miezi 6. Ya pili ni sklerostini, inayozuia ujenzi wa mfupa. Umuhimu wake ulidhihirika kwa kuchunguza familia, nyingi zikiwa za Waafrikana wa Afrika Kusini, ambazo jeni yake ya SOST ina kasoro na ambazo mifupa yao hunenepa kupita kiasi; jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 2001. Romosozumabu, inayoishika sklerostini, iliidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2019 kwa jina la Evenity.

Habari hizi zinakuhusu kwa sababu moja kubwa. Kwa kuwa protini zote mbili zinajulikana, na kingamwili dhidi yake zinajulikana, kutengeneza kingamwili nyingine inayoshika RANKL si uvumbuzi machoni pa mkaguzi. Ofisi ya Hataza ya Ulaya imeliandika wazi jambo hili katika miongozo yake: mbinu za kupata kingamwili dhidi ya antijeni (kile kinachoshikwa na kingamwili) inayojulikana ni kazi ya kawaida ya maabara, na hata mfuatano mpya kabisa wa asidi amino hauleti hatua ya uvumbuzi (sharti la kutokuwa jambo la dhahiri kwa mtaalamu) kwa upya wake peke yake. Ni lazima uonyeshe athari ambayo mtaalamu wa fani hiyo asingeitarajia, au uonyeshe kwamba njia uliyopita ilikuwa na kikwazo ambacho mtaalamu huyo asingetumaini kukivuka.

Kwa hiyo upekuzi wa kumbukumbu za hataza ufanywe kabla ya majaribio, na urudiwe kabla ya kuwasilisha ombi. Hifadhi za Patentscope na Espacenet hazina malipo. Tatizo hasa ni majina. RANKL iligunduliwa na vikundi kadhaa katika miaka ya 1997 na 1998, na kila kikundi kikaipa jina lake: TRANCE, ODF, OPGL, na baadaye TNFSF11 kama jina la jeni. Hataza za kampuni ya Amgen zilizoilinda denosumabu Marekani, namba 6,740,522 na 7,364,736, hutumia majina ya osteoprotejerini na OPGL. Anayetafuta RANKL peke yake katika vichwa vya hataza hatazikuta. Sklerostini nayo, katika hataza za mwanzo, imo chini ya jina la protini zinazoshika TGF-beta. Andika orodha ya majina yote kwanza, kisha tafuta pia kwa mfuatano wenyewe wa asidi amino. Ukipata hataza iliyo karibu na kazi yako, soma madai yake, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kinacholindwa, neno kwa neno, halafu usome mifano, kwa sababu mara nyingi mifano hufichua zaidi ya yale yanayodaiwa, na kilichofichuliwa hakiwi kipya tena hata kama hakuna aliyekidai.

Tofautisha pia maswali mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kupata hataza ni kuwa na haki ya kuwazuia wengine. Hakukupi ruhusa ya kuuza dawa yako iwapo inaingia ndani ya hataza ya mtu mwingine. Katika utafiti hali ni nafuu, kwani Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001, kifungu cha 58, inaihesabu hataza kuwa inahusu vitendo vya viwanda na biashara, si vya utafiti wa kisayansi.

Kunyamaza hadi siku ya kuwasilisha

Mwaka 1975 César Milstein na Georges Köhler, wakiwa Cambridge, walichapisha njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja kutoka kwa seli zilizounganishwa. Njia hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984, na biashara yote ya kingamwili za tiba ilichipuka humo, lakini haikuombewa hataza. Taasisi yao ilikuwa imeijulisha mamlaka ya Uingereza iliyohusika, na hatua haikuchukuliwa kwa wakati. Miaka michache baadaye watafiti wa Marekani walipata hataza za kingamwili walizozitengeneza kwa njia hiyohiyo.

Kwa Mkenya sheria ina huruma kidogo. Kifungu cha 23 kinasamehe ufichuzi uliofanywa na mwombaji mwenyewe katika miezi 12 kabla ya kuwasilisha, na Marekani ina muda kama huo. Ulaya haina msamaha wa namna hiyo, na ukizungumza leo, soko la Ulaya umelipoteza leo. Ufichuzi hauwi makala ya jarida peke yake. Bango la kongamano ni ufichuzi, na vilevile tasnifu ya uzamili iliyowekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, wasilisho kwa wafadhili ambao hawakutia sahihi ya kutunza siri, na picha ya matokeo iliyopostiwa kwenye kundi la wanafunzi. Tasnifu ndiyo hatari inayosahaulika zaidi, kwani mwanafunzi hulazimika kuiwasilisha ili ahitimu. Mwombe mkuu wa idara azuie tasnifu isiwekwe wazi hadi ombi lipate namba na tarehe.

Mwenye haki ni nani

Kifungu cha 32 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira au kazi ya kuagizwa ni wa mwajiri au wa aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mwajiriwa anaweza kudai malipo ya haki ikiwa uvumbuzi una thamani ya kipekee. Basi soma mkataba wako wa kazi, sera ya chuo kuhusu mali ya ubunifu, na masharti ya mfadhili, kwa mpangilio huo. Kama hospitali ilitoa sampuli, chuo kikatoa maabara, na kampuni ya nje ikatengeneza seli, andikianeni makubaliano kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Kampuni zinazotengeneza kingamwili kwa malipo hutofautiana sana kuhusu nani anamiliki mfuatano unaopatikana, na maktaba za faji (virusi vya bakteria vinavyobebeshwa kingamwili) na panya waliobadilishwa jeni huja na masharti ya leseni ambayo yanaweza kufika hadi kwenye mauzo ya dawa.

Wavumbuzi waandikwe kwa ukweli. Mvumbuzi ni yule aliyechangia wazo linalodaiwa. Aliyepima seli kwa maagizo ya mwenzake si mvumbuzi, hata kama alikesha, na mkuu wa idara si mvumbuzi kwa cheo chake. Kosa la majina, hasa likiwa la makusudi, linaweza kuiangusha hataza mahakamani.

Vibali navyo vina nafasi yake hapa. Utafiti unahitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, na idhini ya kamati ya maadili kwa sampuli za binadamu. Anayetaka kutumia ngamia, kwa mfano, ana sababu nzuri: mwaka 1993 watafiti wa Brussels walionyesha kwamba ngamia wana kingamwili za mnyororo mzito pekee, zisizo na mnyororo mwepesi, na vipande vyake vidogo vimekwisha kutoa dawa zilizoidhinishwa. Hata RANKL imewahi kulengwa kwa kipande cha aina hiyo. Lakini ngamia, hata awe yule anayetembezwa ufuoni Bamburi, ni rasilimali ya kijenetiki ya Kenya, na kuichukua kwa utafiti kunahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na makubaliano ya kugawana manufaa. Mwezi Mei 2024 nchi wanachama wa WIPO, Shirika la Mali ya Ubunifu Duniani, zilipitisha mkataba unaotaka waombaji wa hataza wataje asili ya rasilimali za kijenetiki ambazo uvumbuzi umejengwa juu yake. Kusanya karatasi hizo sasa, kwani kuzitafuta miaka mitano baadaye ni taabu.

Majaribio ambayo ombi litayategemea

Hapa ndipo ningemwomba mtafiti atumie muda na fedha zake, hata kama atalazimika kuchelewesha ombi kwa miezi kadhaa.

Kwanza, pata mfuatano kamili wa asidi amino wa minyororo yote miwili ya kila kingamwili unayotaka kuidai, na uusome kutoka kwa seli iliyotoa protini uliyoipima, si kutoka kwa seli ya jirani yake. Kingamwili ya kawaida hushika antijeni kwa vipande sita vinavyobadilikabadilika, vitatu katika mnyororo mzito na vitatu katika mwepesi. Mipaka ya vipande hivyo hutofautiana kulingana na mfumo wa kuhesabu, uwe wa Kabat, wa Chothia au wa IMGT. Taja mfumo uliotumia, na ikiwezekana utoe mipaka kwa mifumo yote mitatu. Kingamwili ya ngamia ya mnyororo mzito pekee ina vipande vitatu tu, jambo linalorahisisha madai.

Pili, pima nguvu ya kushika kwa njia inayotoa takwimu, na uweke kando yake denosumabu au romosozumabu iliyopimwa kwa mashine hiyohiyo, siku hiyohiyo. Takwimu isiyo na mlinganisho haimsaidii mkaguzi, na ni mlinganisho huo utakaobeba hoja ya hatua ya uvumbuzi. Bainisha pia sehemu ya antijeni inayoshikwa, yaani epitopu, kwa kubadilisha asidi amino moja moja au kwa kupiga picha ya kioo cha protini.

Tatu, onyesha kazi yenyewe. Kwa RANKL, pima idadi ya osteoklasti zinazokomaa katika sahani, kisha upime shimo zinalolichimba kwenye kipande cha mfupa. Kwa sklerostini, onyesha kurudi kwa ishara ya Wnt, inayochochea ujenzi wa mfupa, ndani ya osteoblasti. Kwa mnyama, jihadhari na mtego unaowanasa wengi: denosumabu haishiki RANKL ya panya, ndiyo maana watafiti wake walihitaji panya waliowekewa RANKL yenye sehemu ya binadamu, pamoja na nyani. Kama kingamwili yako haishiki protini ya panya, panya wa kawaida aliyetolewa ovari hatakuonyesha chochote, na ombi lililojengwa juu yake litakuwa tupu. Pima hilo kabla ya kununua wanyama.

Nne, tengeneza zaidi ya moja. Kingamwili kumi zenye mifuatano tofauti zinazofanya kazi ileile hulipatia ombi upana ambao kingamwili moja haiwezi kulipatia.

Athari isiyotarajiwa itafutwe pale ambapo wagonjwa bado wanaumia. Mgonjwa anayeacha denosumabu bila kupewa dawa nyingine hupoteza mfupa kwa kasi, na wengine huvunjika pingili kadhaa za uti wa mgongo. Ratiba au kingamwili inayouzuia mrudisho huo ina thamani kubwa. Wagonjwa wa figo waliofika hatua ya kusafishwa damu wanaweza kushuka kalisiamu kiasi cha hatari, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kuhusu hilo Januari 2024. Romosozumabu ina onyo la mshtuko wa moyo na kiharusi, na hutolewa kwa miezi 12 tu. Kingamwili inayoshika sklerostini na protini nyingine kwa wakati mmoja, au inayoshika kwa namna isiyogusa mishipa ya damu, ni lengo linalostahili.

Kuna tatizo moja ambalo mtu wa Mombasa analijua kuliko mtu wa Basel, nalo ni joto. Lebo ya Prolia ya Marekani inataka dawa itunzwe kwenye jokofu, na ikishatolewa isipate joto la kupita nyuzi 25 za Selsiasi na itumiwe ndani ya siku 14. Mwezi Februari hapa, chumba kisicho na kipoza hewa hakishuki nyuzi 25 hata usiku wa manane. Mchanganyiko wa sukari, asidi amino na kemikali za kutuliza protini unaoiwezesha kingamwili kukaa wiki kadhaa kwa nyuzi 35 bila kuganda wala kupoteza nguvu ni uvumbuzi unaoweza kuombewa hataza hata kama kingamwili yenyewe si mpya. Hataza kuu za denosumabu Marekani zilikwisha Februari 2025, na dawa mfanano ya kwanza, yaani inayoiga denosumabu, iliidhinishwa huko Machi 2024, kwa hiyo mlango wa kuiboresha molekuli hiyo umeanza kufunguka. Kazi hii haihitaji panya wenye jeni za binadamu. Inahitaji kabati la joto, kipimo cha mabonge ya protini, na uvumilivu. Ningekuwa na maabara ndogo, ningeanzia hapo.

Kuandika madai

Tarehe 18 Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja, ilifuta madai ya Amgen dhidi ya Sanofi. Kesi ilihusu kingamwili za kushusha kolesteroli, lakini kila anayeandika madai ya kingamwili za mifupa yampasa aifahamu. Amgen ilikuwa imetaja mifuatano ya kingamwili 26, kisha ikadai kingamwili zote zinazoshika sehemu fulani za protini ya PCSK9 na kuizuia kufanya kazi. Mahakama ilisema kwamba anayedai kundi zima lazima awawezeshe wengine kulitengeneza kundi zima, na kwamba kuwaambia watu watengeneze kingamwili na kuzipima moja moja mpaka wapate inayofaa ni kuwapa kazi ya utafiti, si kuwafundisha uvumbuzi. Dai la upana wa namna hiyo ni jarife lililotandazwa bahari nzima bila vyelezo wala vya kulizamisha: linaonekana kubwa, na samaki wote wanapita.

Basi panga madai kwa tabaka. Tabaka la ndani kabisa ni mifuatano kamili: kingamwili inayoshika sklerostini ya binadamu, yenye mnyororo mzito wa mfuatano namba 1 na mnyororo mwepesi wa mfuatano namba 2. Dai hili ni jembamba na ni gumu kuvunjwa. Tabaka linalofuata ni vipande sita vya kushika, bila kutaja sehemu nyingine za mnyororo. Kisha dai kingamwili zinazofanana na yako kwa asilimia 90 au zaidi, lakini uruhusu tofauti hizo nje ya vipande sita pekee, kwa sababu badiliko moja ndani ya kipande linaweza kuua ushikaji wote, na mkaguzi wa Ulaya atakuuliza ushahidi. Baada ya hapo ndipo uweke dai pana la epitopu au la kazi, ukijua kwamba huenda lisipite kila nchi, na usiliache liwe nguzo ya pekee ya ombi.

Usisahau jamaa wa kingamwili: asidi nukleiki inayoiandika, vekta (kibebeo cha asidi hiyo), seli inayoitengeneza, mchanganyiko wa dawa, sindano iliyojazwa tayari. Madai hayo hayaongezi kazi kubwa, na siku ya kumkabili mwigaji huwa na manufaa.

Dai la matumizi linahitaji uangalifu wa nchi kwa nchi. Kifungu cha 21 cha sheria ya Kenya hakihesabu njia za kutibu mwili wa binadamu kuwa uvumbuzi, ila bidhaa zinazotumika katika njia hizo zinaruhusiwa. Ulaya nayo haikubali njia ya kutibu, lakini inakubali kingamwili kwa ajili ya matumizi katika kutibu osteoporosisi, yaani maradhi ya kupungua kwa mifupa, na tangu uamuzi G 2/08 wa mwaka 2010 inakubali hata ratiba mpya ya kipimo cha dawa. Marekani inapokea njia ya kutibu moja kwa moja. Ombi la kimataifa linapaswa kuwa na maneno ya kuzitosheleza namna zote hizi tangu siku ya kwanza, kwani baada ya kuwasilisha huwezi kuongeza jambo ambalo halikuwemo.

Maelezo na orodha ya mifuatano

Tangu tarehe 1 Julai 2022 mifuatano huwasilishwa kwa kiwango cha WIPO kiitwacho ST.26, kama faili la XML, na programu ya WIPO Sequence ya kuliandalia hutolewa bila malipo. Kiwango hicho hakipokei mfuatano wa asidi amino zilizobainishwa pungufu ya nne. Katika mfumo wa IMGT, kipande cha pili cha mnyororo mwepesi mara nyingi huwa na asidi amino tatu tu, kwa hiyo kitakataliwa na orodha. Kiandike kwa herufi zake ndani ya maelezo na ndani ya dai lenyewe. Wapo wanaoligundua jambo hili usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho.

Ikiwa kuna shaka yoyote kwamba mfuatano pekee hautamwezesha msomaji kuipata kingamwili, hifadhi seli zinazoitoa katika ghala linalotambuliwa na Mkataba wa Budapest wa 1977, mathalani ATCC ya Marekani au DSMZ ya Ujerumani, kabla ya tarehe ya kuwasilisha. ARIPO, shirika la kikanda la mali ya ubunifu la Afrika, inautambua uhifadhi huo. Anza mapema, maana kusafirisha seli hai kutoka uwanja wa ndege wa Moi kunahitaji vibali na barafu kavu, na ghala nalo huchukua muda kuthibitisha kwamba seli zimefika zikiwa hai.

Kalenda na mahali pa kuwasilisha

Wasilisha kwanza KIPI. Siku hiyo inakuwa tarehe ya kipaumbele, na kwa Mkataba wa Paris una miezi 12 ya kuwasilisha kwingineko. Ndani ya miezi hiyo endelea na majaribio, kisha uwasilishe ombi la kimataifa la PCT (Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza) lililoongezewa data mpya; Kenya ni mwanachama wa PCT tangu 1994. Ombi huchapishwa mwezi wa 18 tangu tarehe ya kipaumbele, na unaingia katika nchi mojamoja ifikapo mwezi wa 30, au wa 31 kwa Ulaya na ARIPO. Muda huo ndio wa kutafuta mshirika mwenye mtaji, kwa sababu gharama kubwa za tafsiri na mawakala wa nje huanza baada yake.

Ada ya kimataifa ya PCT hupunguzwa kwa asilimia 90 kwa waombaji ambao ni watu binafsi, raia na wakazi wa Kenya. Sharti ni kwamba waombaji wote wawe watu binafsi wanaostahili. Chuo au kampuni ikiandikwa kuwa mwombaji, punguzo linapotea. Lakini usimwondoe mwenye haki kwa ajili ya punguzo. Kama kifungu cha 32 kinampa mwajiri, mwombaji ni mwajiri.

Kwa Afrika, ombi moja la ARIPO chini ya Itifaki ya Harare linaweza kutaja nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Likikubaliwa, kila nchi iliyotajwa ina miezi 6 ya kulikataa kwa upande wake. Zingatia kwamba nchi zenye maendeleo duni zina ruhusa ya Shirika la Biashara Duniani ya kutotoa hataza za dawa hadi mwaka 2033, na Uganda imeitumia katika sheria yake. Usilipe ada mahali ambapo hutapata kitu. Zanzibar pia ina sheria yake na msajili wake, mbali na Tanzania Bara.

Nchini Kenya, uchunguzi wa kina haufanyiki wenyewe. Lazima uuombe na kuulipia ndani ya miaka mitatu tangu kuwasilisha, la sivyo ombi huhesabiwa limeachwa. Barua ya mkaguzi ikija, ijibiwe na wakala akiwa pamoja na mtu wa maabara, kwani pingamizi nyingi huondoka kwa mlinganisho uliomo tayari kwenye jedwali la mfano fulani ambalo wakala hakuliona uzito wake. Data ya baadaye inaweza kusaidia pia: uamuzi G 2/21 wa Ulaya, wa Machi 2023, unaruhusu kuitegemea iwapo athari inayothibitishwa imo ndani ya mafundisho ya ombi la awali. Athari ambayo hukuitaja kabisa siku ya kwanza haitaokolewa na jaribio la mwaka wa tatu. Kwa hiyo uimara wa joto, usalama kwa figo na mrudisho baada ya kuacha dawa vitajwe katika maelezo ya kwanza hata kama data yake bado ni chache.

Hataza hudumu miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha, na kila mwaka hudai ada. Dawa ya kingamwili hutumia miaka mingi ya muda huo ikiwa bado majaribioni, bila mapato yoyote, na ndicho kipindi ambacho ada husahaulika kwa urahisi, hasa mradi wa ufadhili ukiisha na mwanafunzi aliyeshughulikia faili akihama. Mteue mtu mmoja mwenye wadhifa wa kudumu, weka tarehe za ada katika bajeti ya idara, na nakala ya faili zima, pamoja na madaftari ya maabara yaliyotiwa sahihi, itunzwe ofisini mwa chuo wala isibaki kwenye kompyuta ya mtafiti.